Programu haifunguki: mjue aliyeizuia kabla ya kuifungua

Malalamiko mengi kuhusu vizuizi vya programu kwenye kompyuta za nyumbani huanza vilevile: "Nimebofya, haifunguki." Hatua inayofuata huwa ni kuzima antivairasi nzima na kubofya tena, na mara nyingi programu bado hukataa, kwa sababu aliyezuia si yule aliyezimwa. Windows 10 na 11 zina tabaka kadhaa zinazoweza kuzuia programu, na kila moja ina ujumbe wake, mipangilio yake na kumbukumbu zake. Ukiongeza kizuizi cha kampuni nyingine juu yake, idadi inapanda.

## Vizuizi vinatofautiana wapi

SmartScreen na Smart App Control, vizuizi vya Windows yenyewe, huangalia sifa: faili hii inajulikana na Microsoft? Ina saini ya kidijitali inayoaminika? Wanaoumia hapa ni wenye programu halali isiyo na watumiaji wengi, kama mfumo wa duka au wa shule ulioandikwa na fundi wa mtaani asiyelipia cheti cha saini.

Orodha za ruhusa zina msimamo mkali zaidi: kisichoandikwa hakifunguki. Humo mna CyberLock (zamani ikiitwa VoodooShield), Faronics Anti-Executable na AppLocker ya Windows yenyewe. Ulinzi wake ni imara, lakini kila sasisho la programu huweza kuleta ugomvi.

Kundi jingine, kama OSArmor na AppGuard, hutazama nani anamwita nani na kutoka folda gani. Word ikijaribu kufungua PowerShell (dirisha la amri la Windows), inakatwa hapohapo. Hawa huweza kuzuia kimyakimya, na hapo unaona programu inayofanya kazi nusunusu. Comodo nayo haizuii faili isiyoijua bali huifungulia ndani ya chumba cha pembeni kilichotengwa, jambo linaloleta dalili moja ya ajabu itakayoelezwa chini. Kuna vizuizi vya mtandao peke yake, kama simplewall, na mwisho kuna Controlled folder access ya Defender (antivairasi ya Windows yenyewe), ambayo huiacha programu ianze ila huikatalia kuandika kwenye folda zako.

Kwa mtu asiyependa kuulizwa maswali, SmartScreen na Defender zilizosasishwa zinatosha, hasa akiwa anatumia akaunti ya kawaida na si ya msimamizi. Orodha ya ruhusa inafaa kompyuta isiyobadilika: ya duka, ya mapokezi, au ya mzee anayetumia barua pepe na kivinjari tu. Ukiiweka kwenye kompyuta ya kijana anayejaribu programu mpya kila siku, ndani ya wiki atakuwa ameizima.

## Ukaguzi wa kufanya kwanza, dalili yoyote iwayo

Soma ujumbe neno kwa neno na uupige picha. "Windows protected your PC" ni SmartScreen. "This app has been blocked by your system administrator" au "blocked by group policy" ni sera, yaani kanuni zilizowekwa na msimamizi wa kompyuta, na antivairasi haihusiki. Ujumbe wenye nembo ya kampuni nyingine unajieleza.

Tazama saa na tarehe. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, saini halali zitaonekana batili na tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Kwenye kompyuta za mezani za mtumba kisababishi huwa betri ndogo ya ubao mama, CR2032 ya volti 3. Kama tarehe inapotea kila unapochomoa waya wa umeme, badilisha betri hiyo kabla ya kulaumu programu yoyote.

Fungua Windows Security, kisha Virus & threat protection, halafu Protection history. Defender ikizuia kitu, mara nyingi imeandika hapo jina la faili, folda yake na saa.

Fungua Event Viewer (andika `eventvwr.msc` kwenye kisanduku cha Run), uende Applications and Services Logs, Microsoft, Windows. Namba zinazomtaja mhusika ni hizi:

- Windows Defender, Operational: 1116 na 1117 (kirusi kimeonekana, hatua imechukuliwa), 1121 (kanuni ya kupunguza mashambulizi), 1123 (Controlled folder access).
- CodeIntegrity, Operational: 3077 (Smart App Control au sera ya App Control imezuia).
- AppLocker: 8004 kwa faili za exe, 8007 kwa skripti na visakinishi vya msi.

Usipoona lolote katika hayo, ila kizuizi cha kampuni nyingine kipo, fungua kumbukumbu zake mwenyewe, maana vingi haviandiki kwenye Event Viewer.

Kagua faili kabla ya kuitetea. Katika PowerShell andika `Get-AuthenticodeSignature .\jina.exe`. Jibu la Valid maana yake saini ni nzima na unaweza kusoma jina la mchapishaji. NotSigned si kosa peke yake. HashMismatch ni jambo jingine kabisa: faili ilisainiwa, halafu ikabadilishwa au ikaharibika njiani. Ifute na uipakue tena kutoka tovuti ya mwenyewe. Kisha chukua heshi, yaani alama ya vidole ya faili, kwa `Get-FileHash .\jina.exe`, nakili herufi na tarakimu zake 64, uzitafute VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa injini nyingi za antivairasi. Kutafuta heshi hakupakii faili yako popote. Kupakia faili yenyewe kunaiweka mikononi mwa wengine, kwa hiyo usipakie nyaraka za benki au za kazi. Injini moja au mbili zisizo maarufu zikilalamika, huenda ni kengele ya uongo. Kumi na zaidi zikikubaliana, kizuizi chako kimefanya kazi yake na safari ya faili hiyo iishie hapo.

## Dalili: ujumbe wa Windows unatokea na programu haifunguki

*SmartScreen* ndiyo inayotangulia kwa wingi. Faili iliyopakuliwa hubeba alama iliyofichwa, Zone.Identifier, yenye ZoneId=3, yaani imetoka intaneti. Baada ya kukagua saini na heshi, bofya More info, kisha Run anyway. Kama kitufe hicho hakionekani, funga dirisha, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, weka alama kwenye Unblock chini kabisa, halafu OK. Hakuna haja ya kuzima SmartScreen yote kwa ajili ya faili moja.

*Mipangilio inayoruhusu programu za Microsoft Store tu.* Ujumbe husema programu "isn't a Microsoft-verified app". Nenda Settings, Apps, kwenye kipengele cha Choose where to get apps, uchague Anywhere. Kama kipengele hakibadiliki na kompyuta ni mpya ya bei nafuu, yawezekana imekuja ikiwa katika S mode, hali ya Windows inayokubali programu za Store tu. Kutoka S mode ni bure kupitia Microsoft Store, ila ukishatoka huwezi kurudi.

*Smart App Control.* Hii iliingia na Windows 11 toleo la 22H2 mwaka 2022, na huanza tu kwenye Windows iliyosakinishwa upya, kwa hiyo kompyuta nyingi zimeizima. Ikiwa imewashwa, haina orodha ya kuruhusu programu moja moja: ama iwashwe kwa zote, ama izimwe kabisa. Katika matoleo mengi, ukiizima huwezi kuirudisha bila kusakinisha Windows upya. Matoleo mapya yameanza kulegeza hilo, basi soma maandishi yaliyo chini ya kitufe kabla hujabofya. Busara ni kumwomba mwenye programu toleo lililosainiwa, na kuzima kuwe hatua ya mwisho.

*Sera iliyobaki ya kampuni.* Hii huwakuta wanunuzi wa kompyuta mpakato za mtumba zilizokuwa za ofisi Ulaya au Marekani, nazo ni nyingi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Nenda Settings, Accounts, Access work or school. Ukikuta akaunti ya shirika usilolijua, au amri `dsregcmd /status` ikionyesha AzureAdJoined: YES, kompyuta bado inaitii ofisi ya zamani. Kusakinisha Windows upya husafisha sera nyingi. Lakini ikiwa baada ya kusakinisha na kuunganisha intaneti skrini ya kwanza inakudai barua pepe ya kampuni ileile, kompyuta bado imeandikishwa kwa jina lao. Simama. Mrudishie muuzaji, kwa kuwa anayeifuta kwenye orodha kwa kawaida ni kampuni hiyo, na huenda mashine iliibwa. Fundi anayekuahidi "kuibypass" anakuuzia tatizo litakalorudi.

## Dalili: unabofya, hakuna ujumbe, hakuna kitu

Anza kwa Task Manager (Ctrl+Shift+Esc), kichupo cha Details. Bofya programu huku ukitazama. Jina likitokea sekunde moja na kupotea, programu inaanza kisha inakufa. Lisipotokea kabisa, imezuiwa mlangoni.

Ikizuiwa mlangoni, sababu ya kwanza ni kizuizi kilichowekwa kisionyeshe ujumbe. Wengi hubofya "usinionyeshe tena" siku moja wakasahau. Fungua kumbukumbu zake za karibuni.

Ikianza na kufa, tafuta kipande kilichofungiwa karantini. Antivairasi huweza kuchukua dll moja na kuacha zilizobaki, ndipo unaona "the code execution cannot proceed because... was not found". Rudisha kipande hicho kutoka karantini ikiwa umejiridhisha nacho, au sakinisha programu upya. Usipakue dll peke yake kwenye tovuti za kugawa dll, maana hiyo ni njia ya mkato ya kuingiza kirusi kwa mkono wako mwenyewe. Jina lililokosekana likiwa VCRUNTIME140.dll, hakuna aliyezuia chochote: kinachotakiwa ni Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft. Kosa la 0xc000007b nalo kwa kawaida ni mchanganyiko wa vipande vya biti 32 na 64. Vizuizi husingiziwa sana kwa makosa haya mawili.

Sababu adimu zaidi ni usakinishaji unaokwama katikati. Kisakinishi cha Inno Setup, kinachotumiwa na programu nyingi ndogo, hujifungulia kwanza kwenye folda ya muda yenye jina kama `is-7K2QD.tmp` ndani ya Temp, kisha huanzisha kazi kutoka humo. Wewe umeruhusu faili iliyo Downloads, kumbe inayozuiwa ni ile ya Temp, na jina la folda hubadilika kila mara. Dawa si kuruhusu Temp yote, maana huko ndiko virusi hupenda kutua. Weka kizuizi kwenye hali ya usakinishaji au ya mafunzo, sakinisha, kisha kirudishe palepale. Wakati huo usifungue kivinjari wala flashi.

## Dalili: programu inafunguka lakini haihifadhi faili

Ujumbe hudanganya hapa. Programu husema "file not found" au "access denied" wakati nafasi ipo na folda ipo. Mhusika mkuu ni Controlled folder access, iliyoanza na Windows 10 toleo la 1709 mwaka 2017. Haiji ikiwa imewashwa, kwa hiyo kuna mtu aliiwasha. Hulinda Documents, Pictures, Music, Videos na Favorites dhidi ya programu isizoziamini. Michezo ya zamani inayohifadhi hatua zake ndani ya Documents huumia sana.

1. Windows Security, Virus & threat protection, Manage ransomware protection.
2. Allow an app through Controlled folder access.
3. Add an allowed app, kisha Recently blocked apps. Chagua jina linalolingana na saa ya tukio.
4. Funga programu kabisa na uifungue tena, la sivyo ruhusa haitashika.

Ukiona jina la powershell.exe au cmd.exe kwenye orodha hiyo, usiliruhusu kwa mazoea. Ukiliruhusu, umeruhusu kila skripti itakayopita humo. Na kama antivairasi kuu ni ya kampuni nyingine, Controlled folder access haifanyi kazi kabisa. Tafuta kipengele kama hicho ndani ya antivairasi hiyo.

## Dalili: umehifadhi kazi, ukifungua kesho haipo

Hii huwatisha watu, na kwa wenye Comodo jibu huwa moja. Programu ilikuwa inaendeshwa ndani ya chumba cha pembeni, na ilipoandika "C:\Users\...\Documents" kwa kweli iliandika nakala chini ya `C:\VTRoot`. Alama yake ni mstari wa kijani unaozunguka dirisha la programu. Usibofye Reset the Container kabla ya kuokoa faili, kwani kitufe hicho hufuta kila kitu kilichomo. Fungua C:\VTRoot, tafuta folda zinazofanana na njia uliyohifadhia, nakili kazi yako nje, ndipo uiweke programu kwenye orodha ya faili zinazoaminika na uifungue upya bila mstari wa kijani.

Kwa wasio na Comodo, tazama kwanza OneDrive: Desktop na Documents huenda zilihamishiwa `C:\Users\jina\OneDrive`.

## Dalili: ilikuwa inafanya kazi, baada ya sasisho imezuiwa tena

Chanzo ni aina ya kanuni uliyoiweka, na hapa ndipo panafaa kuelewa vizuri kuliko mahali pengine. Kizuizi kinaweza kuitambua programu kwa heshi, kwa njia ya folda au kwa saini ya mchapishaji.

Heshi ndiyo kali: ikibadilika baiti moja, ruhusa imekufa. Inafaa programu isiyosasishwa, kama mfumo wa mahesabu wa 2014 ambao mwenye duka hataki kuuacha.

Njia ya folda ni nyepesi, na hatari yake inategemea folda. `C:\Program Files` ni salama kiasi kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika humo. Lakini Discord, kwa mfano, hukaa ndani ya AppData\Local kwenye folda yenye namba ya toleo, `app-1.0.` ikifuatiwa na tarakimu. Sasisho likija, folda inakuwa mpya na kanuni ya jana haina kazi. Ukiweka kinyota kwenye njia ili kuyapata matoleo yote, umefungulia pia chochote kitakachojipenyeza hapo, kwa sababu AppData inaandikika bila ruhusa ya msimamizi.

Saini ya mchapishaji ndiyo suluhisho kwa vivinjari, Zoom, Discord na jamaa zao. Weka jina la mchapishaji pamoja na jina la programu kama kizuizi kinakubali vyote viwili. Usiweke mchapishaji peke yake kwa kampuni kubwa: kuruhusu kila kilichosainiwa na Microsoft ni kuruhusu pia mshta.exe, wscript.exe na rundll32.exe, ambavyo ni vyombo vinavyopendwa na washambuliaji.

Kama kizuizi chako kinajua heshi tu, hakifai kompyuta yenye programu za kujisasisha. Kibadilishe, usipoteze jioni zako.

## Dalili: fomu ya Excel inakataa makro

Walipa kodi wa Kenya huikuta kila msimu wa kuwasilisha ritani kwa fomu ya Excel ya iTax: vitufe havibonyezeki na mstari mwekundu unasema Microsoft imezuia makro. Tangu 2022 Office huzuia makro kwenye faili yenye alama ya intaneti, na kitufe cha zamani cha Enable Content hakitokei. Ukiwa na hakika kwamba uliipakua kwenye akaunti yako ya iTax, wala haikutumwa na mtu kwa WhatsApp, funga Excel, fungua Properties za faili, weka alama kwenye Unblock, uifungue tena. Ikiwa imekuja ndani ya zip, ondoa alama kwenye zip kabla ya kuifungua, vinginevyo kila faili inayotoka itarithi alama hiyo. Usiweke Excel iruhusu makro zote daima kwa ajili ya fomu ya mara moja kwa mwaka.

## Dalili: modemu, printa au flashi inaleta onyo

Modemu za USB za zamani hujitambulisha kama diski ya CD yenye programu ndani yake. Vizuizi vingi hukataa kuendesha chochote kutoka diski ya kuchomeka, na hivyo modemu "haisomi". Ruhusu kisakinishi hicho kimoja kwa saini au heshi, usiruhusu diski nzima. Modemu za HiLink za Huawei hazihitaji programu kabisa: fungua kivinjari, nenda 192.168.8.1.

Programu ya biti 32 inayoganda kila unapochapisha, angalia kama `splwow64.exe` iliyo ndani ya C:\Windows imezuiwa. Hiyo ndiyo daraja kati yake na draiva ya biti 64. Ujumbe wa "A driver cannot load on this device" unahusu draiva ya zamani inayokataliwa na Windows yenyewe. Tafuta draiva mpya kwanza, usikimbilie kuzima Memory integrity (kinga ya Windows inayokagua draiva).

Flashi ni habari nyingine. Ukichomeka tu na kizuizi kikataja wscript.exe, cmd.exe au rundll32.exe, huku folda zote zimegeuka kuwa shotikati, usiruhusu. Huyo ni kirusi cha shotikati kilichotoka kwenye saibakafe au kwenye mashine ya kuchapisha picha. Folda zako zipo, zimefichwa. Skani flashi, kisha katika Command Prompt andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, nakili faili zako halisi, halafu fomati flashi.

## Dalili: intaneti imekufa baada ya kuondoa kizuizi

Vizuizi vya mtandao huandika vichujio ndani ya Windows, na vichujio vya kudumu hubaki hata programu ikiondolewa. Kwa simplewall, utaratibu sahihi ni kubofya Disable filters kabla ya kuondoa. Kama umechelewa, isakinishe tena, zima vichujio, ndipo uiondoe.

Ikishindikana, kagua haya kwa mpangilio: Settings, Network & internet, Proxy, uone kama kuna anwani iliyobaki; `ncpa.cpl`, Properties za Wi-Fi, uondoe alama kwenye kichujio chenye jina la kampuni uliyoiondoa. Na DNS (mpangilio wa kutafuta anwani za tovuti), kama imebaki 127.0.0.1 irudishe kwenye Automatic. Amri `netsh wfp show filters` hutengeneza faili filters.xml ambamo unaweza kutafuta jina la mhusika. Network reset iwe ya mwisho, kwa kuwa hufuta nywila zote za Wi-Fi na VPN ulizohifadhi.

## Dalili: kompyuta imekuwa nzito

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Antivairasi mbili zenye ulinzi wa papo hapo huchunguza kila faili mara mbili, na huweza kuchunguzana zenyewe. Andika `fltmc filters` kwenye Command Prompt ya msimamizi uone draiva zinazochuja faili. Masalia ya antivairasi uliyoiondoa zamani huonekana hapo. Tumia zana ya kuondolea ya kampuni husika, maana uondoaji wa kawaida huacha draiva nyuma. Kizuizi kimoja cha orodha ya ruhusa pamoja na Defender hupatana vizuri, mradi kila mmoja amwekee mwenzake folda yake kwenye orodha ya kuachwa.

## Dalili: Windows haiwaki baada ya kusakinisha au kusasisha kizuizi

Vizuizi imara hutumia draiva ya ndani kabisa ya mfumo, na draiva hiyo ikianguka huweza kuzuia Windows kuwaka. Ndicho kilichotokea tarehe 19 Julai 2024, sasisho la CrowdStrike lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5. Hiyo ilikuwa bidhaa ya mashirika, lakini kanuni ni ileile nyumbani.

Kwanza tafuta ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), tarakimu 48, kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa kutumia simu. Kompyuta nyingi za Windows 11 zina diski iliyosimbwa bila mwenyewe kujua, na mazingira ya ukarabati huweza kuudai. Kisha zima kompyuta kwa kubana kitufe cha umeme wakati inawaka, mara tatu mfululizo, hadi mazingira hayo yafunguke. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu 4 kwa Safe Mode. Vizuizi vingi vya kampuni nyingine havianzi humo. Kiondoe. Kisakinishi cha msi kikigoma ndani ya Safe Mode, si ajabu, kwani huduma ya Windows Installer kwa kawaida haifanyi kazi humo. Tumia zana ya kampuni, au rudi nyuma kwa System Restore.

Acha kazi na umwite fundi ikiwa ufunguo wa BitLocker haupatikani na kuna kazi isiyo na nakala, ikiwa diski inagonga au inapotea, au ikiwa Safe Mode nayo haiwaki. Kufuta draiva kwa mkono ndani ya System32\drivers ni kazi ya anayejua ipi inahitajika kuwasha mfumo. Faili zako zikiwa zimebadilishwa viambishi na kuna barua ya kudai malipo, chomoa kebo ya mtandao, zima Wi-Fi, usichomeke diski ya nakala, na usiendelee kuskani.

Unapompelekea fundi, mpe picha ya ujumbe wa kwanza, namba ya tukio kutoka Event Viewer, jina na toleo la kila kizuizi kilichowahi kuwekwa hata kama kiliondolewa, na ulichokibadilisha siku ile. Mwambie kwa maneno wazi asifomati kabla ya kunakili data, na asikuwekee Windows au antivairasi iliyofunguliwa kwa kraki: kraki hizo hudai uzime ulinzi ili ziingie, na ndizo zinazorudisha wateja wengi dukani.